Mtu Aliyemfunga Ngala Jeraha

Msambweni,
Jumatatu, 16 Machi 1964

Baba Mwanafatuma,

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima. Mwanao ameng'oa jino la pili na anaringia pengo lake kama aliyepewa cheo. Barua hii nimeiandika mwenyewe, tangu herufi ya kwanza. Mwalimu wa kisomo alitaka kunisahihishia, nikamwambia maneno ya mke kwa mumewe hayasahihishwi. Kwa hivyo makosa utakayoyaona ni yangu.

Huu mwezi wa pili hujafika nyumbani. Unasema sinema imejaa watu tangu tulipopata Uhuru, na kwamba hakuna mwingine hapo anayeijua ile mashine ya picha. Haya. Nimekuwekea ndizi, zimeiva, tumezila.

Jana nilipata mgeni, mwanamke wa Kiduruma jina lake Mbodze. Kwao ni Kinango, lakini yeye na mumewe wana boma la ng'ombe karibu na Ukunda. Mumewe anaitwa Ngala, huuza maziwa kwa baiskeli. Labda umesikia kwamba ghala la hoteli moja huko Diani liliungua Ijumaa ya tarehe sita, wakati wa sala. Ngala amekamatwa. Wanasema alikuwa amegombana na mtunza ghala aliyemwambia maziwa yake yana maji, akamjibu, "Utaona." Na alipokamatwa alikuwa na jeraha kiganjani. Polisi wanasema alijikata kwa kioo alipovunja dirisha la ghala.

Mwenyewe anasema mnyororo wa baiskeli ndio uliomkata, mbele ya nyumba moja ya Bongwe, na kwamba mwanamume asiyemjua alitoka ndani ya nyumba hiyo akamfunga mkono kwa kipande cha kikoi alichokirarua hapo hapo. Mbodze anazunguka na kipande hicho. Ni cha buluu, kina matamvua. Ameambiwa wanawake wa Msambweni ndio wasukao matamvua, basi anaingia nyumba kwa nyumba akiuliza ni kazi ya nani.

Nikakumbuka kwamba na wewe una kikoi cha buluu. Ukija kilete, nikutazamie kama matamvua bado ni mazima. Na Ijumaa ile ulisali msikiti gani?

Mkeo,
Mwanasiti

*

Mombasa,
19 Machi 1964

Mama Mwanafatuma,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Mwandiko wako umenishinda mimi niliyekwenda skuli.

Kuhusu kikoi, nasikitika kukwambia kiliibwa. Nilikuwa nimekianika kambani nyuma ya chumba changu, mwezi uliopita, nadhani tarehe kumi na mbili au kumi na tatu. Nilimwuliza jirani, hakuona mtu. Sikukwambia kwa sababu sikutaka uhuzunike, najua ulivyokisumbukia.

Ijumaa ile nilisali hapa hapa mjini, msikiti ulio karibu na kazini, safu ya tatu, kisha nikala wali kwa mama mmoja wa Kibajuni, kisha nikarudi kuisafisha mashine mpaka saa kumi.

Huyo mwanamke namwonea huruma. Lakini usimzoeze nyumbani. Mambo ya polisi humshika hata asiyehusika. Mwachie Mungu na serikali.

Mbusu mtoto hapo kwenye pengo.

Mumeo,
Mbwana Suleiman

*

Mombasa,
19 Machi 1964

Jemima,

Nimetoka sasa hivi kumdanganya mke wangu kwa wino. Yule mtu wa baiskeli ameshikwa. Anaitwa Ngala.

Siku ile sikukueleza yote. Wewe ulikuwa umekwenda dukani Ukunda, mimi niko ndani peke yangu, mlango nimeufunga. Nikasikia baiskeli ikianguka. Akapiga hodi mara tatu, sikuitika. Ningeitikaje, katika nyumba isiyo yangu? Kisha akasema kwa sauti ya chini, wala hakupiga kelele, "Jamani, damu haisimami." Nikatoka. Kiganja kilikuwa kimefunguka kama mdomo. Nikararua kikoi changu, nikamfunga. Adhana ya Ijumaa ilikuwa inasomwa. Akaniuliza, "Wewe huendi?" Nikasema nitakwenda. Na hapo ndipo tulipouona moshi upande wa baharini, yeye na mimi, tumesimama pamoja, mkono wake ungali mikononi mwangu. Akasema, "Kuna mtu anaunguliwa leo." Haya ni maneno ya mtu aliyewasha moto?

Hakuna mwingine aliyemwona saa ile. Ni mimi tu.

Nifanye nini? Nikisema nilikuwa Bongwe, wataniuliza nyumba ya nani. Nijibu haraka.

M.

*

Bongwe,
23 Machi 1964

Bwana Mbwana,

Polisi walikwisha kuja kwangu tarehe nane. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu.

Walimleta Ngala amefungwa pingu, awaonyeshe nyumba. Akaonyesha yangu. Akasema, "Mama huyu hakuwapo. Aliyekuwapo ni mwanamume." Inspekta akanigeukia. Nikasema, "Nyumba yangu haina mwanamume. Mimi ni mjane." Nilisema hivyo huku Ngala ananitazama. Hakunitukana. Alitikisa kichwa polepole tu, kama mtu aliyekuta kisima kimekauka.

Wewe unajua kwa nini. Kaingu, ndugu wa marehemu mume wangu, aliapa mbele ya watu kwamba siku atakayosikia nina mwanamume atamchukua Mapenzi. Mtoto ana miaka minne. Na hotelini nafanya kazi ya kutunza mashuka, na ghala lililoungua ni la hoteli hiyo hiyo. Wakijua nilimdanganya Inspekta, nitakuwa na Ngala gerezani.

Tangu siku ile ya sherehe za Uhuru ulipoleta mashine yako hotelini kuwaonyesha wageni picha, nilijua una mke. Hukunificha, na mimi sikuuliza zaidi. Kwa hiyo sikulaumu peke yako.

Nakuomba ukae kimya. Neno hili nimeliandika mara tatu na kulifuta mara mbili. Na nakuomba usije tena, hata ikiwaje.

Jemima

*

Msambweni,
30 Machi 1964

Mbwana,

Leo sikuiti kwa jina la mtoto.

Kile kitambaa niliposhikishwa, nilijua kabla sijakifunua chote. Wenzangu hufunga mafundo manne manne. Mimi hufunga matano, kisha huruka nafasi moja, kisha matano, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha marehemu mama. Hakuna mwingine Msambweni nzima. Na wewe unaniandikia habari za kamba, na jirani, na safu ya tatu, na wali wa Mbajuni. Mtu aliyesali kweli hakumbuki alikuwa safu ya ngapi.

Lakini sina haki ya kukuandikia kama mtu safi, kwa hivyo soma na langu.

Mbodze aliponiuliza, "Mwenzangu, kazi hii waijua?" nilimjibu, "Hapana. Hii si kazi ya huku. Labda Vanga." Nilisema hivyo huku natabasamu. Akakikunja, akamfunga mwanawe mgongoni, akaenda Vanga. Mahali kwa miguu, mahali kwa lori la makaa. Siku tano. Aliporudi alipitia hapa, miguu imevimba, si kwa kunilaumu, alikuja kunishukuru. "Sikumpata mtu," alisema, "lakini wewe angalau ulinielekeza. Wengine walinifukuza."

Nikamwekea maji ya kuoga. Nikampikia. Alipokuwa anamnyonyesha mtoto nikashindwa. Nikamwambia, "Dada, kazi hii ni yangu. Na kikoi ni cha mume wangu."

Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Kisha akasema, "Kumbe. Basi nilikuwa nakutafutia wewe msiba bila kujua."

Nikamwuliza kama atakwenda polisi kukutaja. Akasema, "Mtu anayeburutwa husema nusu. Mimi nataka mtu atakayesema yote. Mume wangu alimsifu huyo mtu. Anasema alikuwa na mkono mwepesi na uso wa hofu."

Kesi ni Kwale, Jumanne tarehe kumi na nne Aprili, saa tatu asubuhi. Nimempa Mbodze neno langu. Usipokwenda wewe, nitasimama mimi na kitambaa hicho na kueleza kila fundo. Sitaki kufanya hivyo. Nataka uende kwa miguu yako.

Huyo mwanamke wa Bongwe ni nani, sikuulizi leo. Nauliza kitu kimoja tu. Ulikuwa unamficha nani, mimi au nafsi yako?

Mwanasiti

*

Mombasa,
4 Aprili 1964

Mwanasiti,

Nilikuwa najificha mwenyewe. Wewe nilikuwa nimekuweka kando, kama mtu awekavyo saa mezani asiione inakwenda.

Jina lake ni Jemima, mjane wa kutoka Rabai. Nilimjua Desemba. Nimekwenda kwake Ijumaa saba. Zile barua nilizokuandikia kwamba sinema imejaa, nusu yake ni uongo. Kikoi hakikuibwa. Kilichobaki kiko hapa chini ya mto wangu, kimekosa pembe moja. Sikuwa na moyo wa kukitupa.

Unajua zile filamu za Kiamerika za baada ya vita, za rangi nyeusi na nyeupe, tunazozionyesha siku za katikati ya wiki. Huwa ni mwanamume mwenye mke wake na kazi yake. Anakutana na mwanamke mwingine. Mara kuna uongo mdogo, kisha uongo wa kuuficha ule, kisha mtu asiyehusika analipia. Mimi nimesimama nyuma ya mashine miaka minane nikiwacheka. Juzi nilikuwa naonyesha moja ya namna hiyo, na yule mwanamume alipokuwa anamwambia mkewe alikokuwa, kwa saa na kwa dakika, nikasikia barua yangu kwako. Watu walicheka ukumbini. Mimi nilikaa chini, nikakosa kubadilisha ukanda kwa wakati, pazia likabaki jeupe, wakaanza kupiga miluzi.

Wale hawawezi kubadilisha lolote, wamekwisha kupigwa picha. Mimi bado.

Nitakwenda Kwale. Nimeomba ruhusa kwa tajiri wangu, akauliza ni kwa ajili gani, nikamwambia. Akasema nikija kutajwa kortini nisirudi kazini kwake. Nikasema ninaelewa.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Ninaogopa, lakini nitakwenda.

Mbwana

*

Msambweni,
7 Aprili 1964

Kwa Jemima wa Bongwe,

Mimi ni mke wa Mbwana. Barua hii anakuletea Mbodze, mke wa Ngala, kwa hivyo ukimaliza kuisoma tafadhali mpe maji, ametoka mbali.

Sikuandikii kwa urafiki. Nimelia kwa sababu yako na sijamaliza. Lakini mume wangu atasema kweli tarehe kumi na nne, na nyumba yako itatajwa. Mbodze ameniambia, kama mumewe alivyomsimulia gerezani, kwamba ulipokana ulikuwa umemshika mtoto mkono, na mkono wako ulikuwa unamfinya mpaka mtoto akalia. Ngala ndiye aliyesema, "Yule mama anaogopa kitu, si mbaya." Aliyefungwa pingu ndiye anayekutetea.

Sijui unaogopa nini. Chochote kile, kiendee kabla hakijakujia. Siku saba unazo. Kama kuna mtu ambaye ni lazima asikie, asikie kwako, asisikie sokoni.

Mwanasiti binti Mwakamole

*

Rabai,
17 Aprili 1964

Kwako Bi Mwanasiti,

Shikamoo. Sijui kama ni mimi ninayestahili kukuamkia au la, lakini nakuamkia. Mbodze nilimpa maji. Hata chakula alikula kwangu. Alipoondoka nililala kitandani na viatu miguuni mpaka jua likazama, kisha nikainuka na kumfuata mama mkwe wangu.

Sikwenda kwa Kaingu, shemeji yangu aliyeapa kuninyang'anya mwanangu. Nilikwenda kwa mama yake, bibi yake Mapenzi. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimepiga magoti. Alinisuta, na maneno mengine siwezi kukuandikia. Kisha akaniuliza, "Na huyo aliyefungwa, ana watoto?" Nikasema watatu. Akasema, "Basi nenda kaseme. Ya kwetu tutasutana wenyewe."

Wewe hukuwapo Kwale, na nadhani mumeo hatakueleza ilivyokuwa, kwa hiyo nakueleza mimi.

Korti ilijaa. Ngala alikuwa amekonda. Hakimu alipouliza kama kuna shahidi wa mshtakiwa, mumeo akasimama. Alivaa kanzu safi, na mkononi alishika kile kikoi kilichoraruka. Mwendesha mashtaka akamwuliza, "Ulikuwa wapi saa ya adhana, tarehe sita?" Akasema, "Bongwe, katika nyumba ya mwanamke asiye mke wangu." Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema "astaghfirullahi" kwa sauti, na Hakimu akagonga meza. Mumeo alikuwa anatoka jasho mpaka kola imelowa, lakini aliendelea. Akaeleza damu, na mnyororo, na moshi walivyouona pamoja. Wakaleta kipande, wakakiweka kando ya kikoi. Pembe ilirudi mahali pake.

Yule mwendesha mashtaka akasema, "Wewe umemdanganya mke wako, umekosa sala, na leo unataka tukuamini?" Mumeo akajibu, "Bwana, kama ningetaka kudanganya, ningechagua uongo unaonipendeza."

Wakamwuliza nyumba ni ya nani. Akasema hataki kumtaja mtu asiyekuwapo saa ile. Hakimu akamwonya kwamba atamweka ndani. Akasema, "Niwekeni." Hapo nikasimama mimi. Nikasema nyumba ni yangu, na kwamba nilimdanganya Inspekta. Ngala alinitazama, Bi Mwanasiti, na akaniinamishia kichwa.

Hakimu alinikaripia mbele ya watu wote na kuniambia nina bahati nimesema kweli kabla ya hukumu. Kisha akaita tena mtunza ghala, na safari hii akamwuliza habari za jiko la mafuta lililokutwa kwenye majivu. Yule bwana akababaika. Ikatoka kwamba alikuwa anachemsha chai humo ndani, akatoka kuzungumza na mtu, akaliacha linawaka karibu na magunia. Ngala aliachiwa siku hiyo hiyo kabla ya saa nane.

Kazi nimefukuzwa. Kaingu alikuja kumchukua mtoto kama alivyoapa, akamkuta mama yake amekaa mlangoni. "Mtoto atakaa na mamake," alimwambia, "na wewe utakaa kimya." Nimerudi kwetu Rabai na Mapenzi. Misheni wanatafuta mtu wa kushona sare za watoto, nami najua kushona.

Sikuombi chochote. Nilitaka ujue tu kwamba barua yako ndiyo iliyoniinua kitandani.

Jemima

*

Ramisi,
21 Aprili 1964

Mwanasiti,

Tajiri alitimiza neno lake, sina kazi Mombasa. Lakini kiwanda cha sukari hapa Ramisi walikuwa wanataka mtu anayeelewa mashine. Nikawaambia naelewa za picha, wakacheka, wakanijaribu, nami nikaifungua pampu yao na kuifunga tena bila kubakiza hata parafujo moja. Nimeanza juzi. Nakaa kwa dada yangu.

Watu wanajua. Msikitini juzi mwenzangu wa kulia alisogea kidogo. Nilikaa palepale.

Ngala alinifuata nje ya korti. Nilidhani atanipiga. Akanyoosha ule mkono wenye kovu akanishika wangu. Akasema, "Ulichelewa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Siku thelathini na tisa." Ndiyo. Kisha akasema, "Lakini siku ya kwanza ulitoka nje ulipoweza kubaki ndani. Hilo nalo nimelihesabu." Mke wake alikuwa nyuma yake. Alimpandisha mtoto begani ili aone nilivyo.

Kutoka hapa hadi kwako ni mwendo mfupi. Kila jioni nafika mpaka kwenye daraja na kurudi. Sitavuka bila ruhusa yako. Sema nije, au sema nisije, au sema ningoje, na mimi nitafanya hivyo hivyo.

Mwanafatuma anaulizia? Usinijibu hilo kama jibu ni ndiyo.

Mbwana

*

Msambweni,
29 Aprili 1964

Baba Mwanafatuma,

Idi tumekula bila wewe. Dada yako alileta nyama, nikajua ni wewe uliyeituma, nikaipika. Mtoto aliuliza nani amenunua, nikamwambia.

Nimekaa na barua yako siku saba. Mara mbili niliandika "usije". Naona heri nikwambie, tusianze tena kufichana. Jana Mbodze alikuja na mumewe, wameleta kibuyu cha maziwa na hawakutaka kitu. Tumekaa uani tukizungumza habari za mihogo na mvua mpaka nikasahau kuona haya. Walipoondoka Mbodze aliniuliza, "Na wako?" Nikasema sijui. Akasema, "Wangu alirudi mwembamba. Wako je?" Nikamjibu kwamba sijamwona. Akacheka, akasema, "Basi utajuaje?"

Hasira bado ninayo. Asubuhi naamka nayo, mchana inalala, jioni inaamka. Sijui itakaa muda gani. Na mimi nilimtuma mwanamke na mtoto mgongoni mpaka Vanga kwa ajili ya kuficha aibu yangu, kwa hivyo nimejifunza kwamba mtu mwema anaweza kufanya jambo baya akiwa na tabasamu. Sitakusamehe kwa sababu hiyo. Lakini kwa sababu hiyo nitakusikiliza.

Haya ndiyo ninayotaka. Usitume wazee. Usilete zawadi. Usije na maneno uliyoyapanga. Njoo Jumamosi asubuhi, mchana kweupe, watu wakuone unapita, na mimi wanione nakupokea au nakurudisha. Tutakaa barazani kwanza. Utanieleza yote kwa mdomo, na mimi nitauliza ninachotaka, hata kama nitauliza jambo moja mara kumi. Utalala kwa dada yako. Jumamosi inayofuata utakuja tena. Tutakwenda hivyo mpaka nitakapokwambia vingine.

Lile swali la mtoto hukutaka nilijibu. Umejibiwa.

Ukifika usiingie kama mwenye nyumba. Simama nje upige hodi. Kufungua mlango wote sikuahidi, lakini nitaitika.

Mwanasiti